Reale ya mzinga: sarafu ya Uhispania iliyozunguka dunia, na kwa nini leo ni adimu

Tarehe 24 Februari 2012, ndege mbili za jeshi la Uhispania ziliruka kutoka kambi ya anga ya MacDill, jimboni Florida, Marekani, zikiwa na shehena isiyo ya kawaida. Ndani yake zilipangwa ndoo za plastiki zilizojaa sarafu za fedha zaidi ya nusu milioni, uzito wake tani 17 hivi. Nyingi zilikuwa zimegandamana na kuwa nyeusi kama makaa, kwa kuwa zililala chini ya Bahari ya Atlantiki kwa miaka zaidi ya 200. Ndege zilizozibeba zilikuwa za aina ya Hercules. Kwa sadfa, hilo ndilo jina la shujaa wa hadithi za kale ambaye nguzo zake mbili zimechorwa upande mmoja wa sarafu hizo.

Nguzo hizo hazikuwa ngeni katika pwani ya Afrika Mashariki. Askofu Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha kufundishia lugha ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, aliorodhesha majina ya sarafu zilizokuwa zikipita mikononi mwa watu wa huko. Ile ya Austria yenye sura ya Malkia Maria Theresa iliitwa reale ya Sham. Ile ya Uhispania iliitwa reale ya mzinga. Waliotoa jina hilo walitazama nguzo mbili zilizosimama kila upande wa ngao, wakaona mizinga miwili. Waarabu nao waliiona hivyo hivyo, wakaiita kwa lugha yao sarafu yenye mzinga.

Neno reale lenyewe lilitoka Uhispania na Ureno, ambako real maana yake ni "ya kifalme". Riali ya Oman, ya Yemen, ya Saudi Arabia, ya Qatar na ya Iran zote zimebeba jina hilo hadi leo. Neno pesa, ambalo wengi hudhani lina undugu na peso ya Kihispania, halimo katika ukoo huu: hilo lilikuja kutoka Bara Hindi, ambako paisa ilikuwa sarafu ndogo ya shaba.

Je, sarafu iliyotokana na milima ya Amerika ilifikaje huko kote? Na kwa nini kitu kilichotengenezwa kwa mamilioni kimeadimika hivi leo?

Mlima unaokula watu

Historia ya sarafu hii inaanza kwa miji miwili. Wa kwanza ni Mexico, ambako Mfalme Carlos wa Kwanza aliidhinisha kiwanda cha sarafu mwaka 1535, na mwaka uliofuata kazi ikaanza. Hicho kilikuwa kiwanda cha kwanza cha sarafu katika bara zima la Amerika. Wa pili ni Potosí, katika nchi ambayo leo ni Bolivia.

Mwaka 1545 fedha iligunduliwa katika mlima ambao Wahispania waliuita Cerro Rico, yaani Mlima Tajiri. Chini yake, mahali penye baridi kali na hewa nyepesi, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, ulizuka mji ambao mwanzoni mwa karne ya 17 ulikadiriwa kuwa na watu 160,000. Miji mikuu mingi ya Ulaya ya wakati huo haikuufikia kwa ukubwa.

Utajiri huo haukuchimbwa kwa hiari. Katika miaka ya 1570, Francisco de Toledo, mwakilishi wa mfalme nchini Peru, aliuchukua utaratibu wa kale wa Wainka wa kufanya kazi za umma kwa zamu, uitwao mita, akaugeuza kuwa kazi ya shuruti. Kila mwaka wanaume wa asili zaidi ya 13,000 walitolewa vijijini, wengine kwa safari ya miguu ya wiki nyingi, kwenda kupanda ngazi za ngozi na mbao ndani ya mashimo ya giza wakiwa na mizigo ya mawe mgongoni. Wenyeji waliuita mlima unaokula watu.

Waliopona porojo la vumbi na maporomoko walikutana na zebaki. Ili kutenga fedha na mawe, mchanga uliosagwa ulichanganywa na zebaki, ukakanyagwa, kisha zebaki ikachomwa ili fedha ibaki peke yake. Njia hiyo ilianza kutumika kwa wingi Mexico katika miaka ya 1550, na huko Peru zebaki ilipatikana katika machimbo ya Huancavelica, ambayo nayo yaliua wengi. Moshi wake hauonekani kuwa na sumu, lakini huharibu mishipa ya fahamu, meno na akili. Katika kiwanda chenyewe cha sarafu cha Potosí, sehemu ya kazi ngumu za tanuri na nyundo ilifanywa na Waafrika waliouzwa utumwani na kuvushwa bahari.

Inakadiriwa kuwa kati ya mwaka 1500 na 1800, takriban asilimia 80 ya fedha yote iliyochimbwa duniani ilitoka katika makoloni ya Uhispania ya Amerika.

Kipande kisicho na umbo

Sarafu kubwa iliitwa reale nane, kwa kuwa thamani yake ilikuwa sawa na reale nane ndogo. Jina lake jingine ni peso, yaani "uzito". Na uzito ndio uliokuwa jambo lenyewe. Sarafu kamili ilikuwa na gramu 27 na ushei, na fedha yake ilikuwa safi kwa kiwango cha asilimia 93.

Anayeiona sarafu ya karne ya 16 au 17 kwa mara ya kwanza hushangaa. Si duara. Ina pembe, imekatika huku na kule, na maandishi yake nusu yamepotea. Sababu yake ni namna ilivyotengenezwa. Mafundi waliyeyusha fedha, wakaipondaponda hadi ikawa ukanda, wakaukata kwa mkasi mkubwa vipande vipande, kisha wakapima. Kipande kilichozidi uzito kilipunguzwa pembeni. Ndipo kikawekwa juu ya chapa ya chuma, chapa nyingine ikashikwa juu yake, na nyundo ikapiga. Mfalme alitaka uzito wake utimie na sehemu yake ya tano ilipwe. Uzuri ulikuwa jambo la baadaye.

Kila sarafu ilibeba alama mbili zenye maana kubwa. Ya kwanza ni ya kiwanda: M yenye o ndogo juu yake kwa Mexico, P kwa Potosí, L kwa Lima. Ya pili ni herufi ya mkaguzi, yule ofisa aliyeapa kwamba fedha iliyomo ni safi. Herufi hiyo ilikuwa saini, na saini ilikuwa dhamana ya uhai wake.

Hilo halikuwa tishio la maneno matupu. Katika miaka ya 1640, wafanyabiashara wa Ulaya walianza kuzikataa sarafu za Potosí. Walipoziyeyusha waligundua shaba nyingi mno. Mfalme Felipe wa Nne alimtuma Francisco Nestares Marín kuchunguza, na uchunguzi ukamfikia Francisco Gómez de la Rocha, mfanyabiashara wa fedha aliyekuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa mji. Rocha alinyongwa mwaka 1650. Sarafu zilizokuwa zimeshatoka zilipunguzwa thamani, na nyingi zikagongwa mhuri mdogo wa taji kuonyesha kwamba zimekaguliwa. Mwaka 1652 Potosí ilibadili mchoro kabisa, ikaweka nguzo mbili na mawimbi ya bahari ili mtu aitambue sarafu mpya kwa kuitupia jicho tu. Katika mwaka huo mmoja michoro kadhaa ilijaribiwa na kuachwa. Vipande hivyo vya mpito, vilivyozaliwa kwa aibu, leo vinatafutwa sana na wakusanyaji.

Mwaka 1732 kiwanda cha Mexico kilianza kutumia mashine ya kukandamiza kwa parafujo. Sarafu ikawa duara kamili, na ukingo wake ukachorwa ili mtu akiupunguza kwa tupa aonekane. Upande mmoja zilionekana tufe mbili za dunia, ya kale na mpya, zikiwa chini ya taji moja na juu ya mawimbi, kati ya nguzo za Hercules. Maandishi yake ya Kilatini yalisema kwamba zote mbili ni kitu kimoja. Kwa macho ya wengi hii ndiyo sarafu nzuri kuliko zote zilizopata kutolewa Amerika, na ni vigumu kubishana nao.

Kuanzia mwaka 1772 tufe ziliondolewa na kichwa cha mfalme kikawekwa mahali pake. Nguzo zikahamia upande wa pili, kando ya ngao. Wakati huohuo kiwango cha fedha safi kilishushwa kimyakimya hadi asilimia 90 hivi, kisha kikashushwa tena kidogo mwaka 1786. Umma haukuambiwa. Sarafu za zamani zilikusanywa na kuyeyushwa ili zipigwe upya, na tofauti ikaingia katika hazina ya mfalme. Hapo tunapata sababu ya kwanza ya kuadimika: aliyezitengeneza ndiye aliyekuwa wa kwanza kuziangamiza.

Kila mtu aliona alichokijua

Kuanzia mwaka 1565 hadi 1815, meli za Kihispania zilivuka Bahari ya Pasifiki kati ya Acapulco, Mexico, na Manila, Ufilipino. Zilikwenda na fedha, zikarudi na hariri na vyombo vya kaure vya China. Wafanyabiashara wa China waliipima kila sarafu, na aliyeridhika aligonga juu yake mhuri wake mdogo. Sarafu moja ingeweza kubeba mihuri kumi au ishirini hadi uso wa mfalme ukafutika. Kichwa hicho cha mfalme chenye shada la majani, baadhi yao walikiita kichwa cha Buddha. Mswahili aliona mizinga, Mchina akaona mtakatifu wake. Mfalme Carlos mwenyewe hakuna aliyemjali.

Upande wa magharibi, Marekani ilipoanzisha dola yake kwa sheria ya mwaka 1792 iliipima kwa sarafu hii ya Uhispania, na reale nane zikaendelea kuwa fedha halali nchini humo hadi mwaka 1857. Watu waliikata kwa patasi vipande vinane kupata chenji. Desturi hiyo iliacha alama ndefu: soko la hisa la New York liliendelea kutaja bei kwa sehemu za nane za dola hadi mwaka 1997.

Uingereza nayo, ilipopungukiwa na fedha wakati wa vita na Ufaransa, ilichukua sarafu za adui wake mwaka 1797, ikagonga kichwa kidogo cha Mfalme George wa Tatu kwenye shingo ya mfalme wa Uhispania, na kuziingiza sokoni. Watu wa London walicheka sana.

Huko Australia, koloni la New South Wales lilikuwa na shida nyingine: kila sarafu iliyofika iliondoka na meli iliyofuata. Gavana Lachlan Macquarie alipopokea sarafu 40,000 za Uhispania mwaka 1812, alimkabidhi kazi William Henshall, mfungwa aliyepelekwa huko kwa kosa la kughushi fedha. Henshall alitoboa kila sarafu katikati, akapata sarafu mbili: pete yenye thamani ya shilingi tano na kidonge cha katikati chenye thamani ya senti 15 za Kiingereza za wakati huo. Sarafu iliyotobolewa hakuna mfanyabiashara wa nje aliyeitaka, kwa hiyo ilibaki nyumbani. Baadaye serikali ilizikusanya na kuziyeyusha. Pete zinazojulikana kubaki ni takriban 300.

Katika Bahari ya Hindi, makoloni ya Amerika yalipojitwalia uhuru kutoka Uhispania mwanzoni mwa karne ya 19, mkondo wa reale ya mzinga ulianza kukauka, na reale ya Sham ikachukua nafasi yake polepole. Mwaka 1882 Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa riale zake mwenyewe, zilizopigwa Ubelgiji. Lakini rupia ya India ilikuwa imeshashika soko.

Nyingi na chache kwa wakati mmoja

Zilikwenda wapi? Jibu fupi ni motoni. Sarafu ya fedha haikuwa na thamani ya karatasi. Ilikuwa chuma chenye thamani yake ndani. Ilipofika India iliyeyushwa ikawa rupia. Ilipofika China nyingi ziliyeyushwa zikawa vinoo vya fedha. Ilipofika kwa masonara wa Arabuni na pwani yetu, reale, iwe ya mzinga au ya Sham, ilikuwa malighafi ya bangili, mitali na vikuku. Huenda kikuku kilichorithiwa kwa bibi kina fedha ya Potosí ndani yake, na hakuna awezaye kujua.

Hata hivyo, si kila sarafu ya Uhispania ni adimu, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Reale nane za Mexico za miaka ya 1790 au 1800, zenye kichwa cha mfalme, zilitolewa kwa wingi kiasi kwamba iliyochakaa bado hupatikana kwa dola mia moja au mia kadhaa. Umri peke yake hauleti bei. Kinachotazamwa ni kiwanda, mwaka, herufi ya mkaguzi na hali ya sarafu.

Panama, kwa mfano, ilikuwa na kiwanda kwa miaka michache tu ya mwanzoni mwa 1580, na sarafu zake zinazojulikana ni kidogo mno. Sarafu zenye tufe na nguzo za Santiago de Chile hazionekani mara kwa mara, na zile za Mexico za mwaka wa kwanza wa mashine, 1732, hugombaniwa. Juu ya zote wanaziweka reale nane za kwanza kabisa zilizopigwa Mexico katika miaka ya 1530. Kwa muda mrefu ziliaminiwa kuwa ni habari tu katika nyaraka, hadi vipande vitatu vilipotolewa katika mabaki ya meli iliyozama. Kimoja kiliuzwa mnadani Marekani mwaka 2014 kwa zaidi ya dola nusu milioni.

Bei hizo zimewaamsha waghushi. Soko limejaa sarafu bandia za shaba au nikeli zilizopakwa fedha, baadhi zikiwa na mihuri ya Kichina iliyochongwa jana. Mizani ya sonara ndiyo mlinzi wa kwanza: sarafu ya karne ya 18 yenye gramu 22 ina maswali ya kujibu. Mlinzi wa pili ni ukingo, kwa kuwa mchoro wa ukingo ni mgumu kuigwa kuliko uso. Na aliyeirithi sarafu ya kweli asiisugue kwa majivu wala dawa ya meno. Weusi wake ni ushahidi wa umri, na akiung'arisha ataondoa nusu ya thamani kwa mkono wake mwenyewe.

Nani mwenye mali?

Sarafu zilizopanda ndege za Hercules zilitoka katika meli ya kivita ya Nuestra Señora de las Mercedes. Tarehe 5 Oktoba 1804 ilikuwa karibu kufika Cádiz ikitoka Amerika ya Kusini, na fedha iliyobeba nyingi ilikuwa imepigwa Lima. Uhispania na Uingereza hazikuwa vitani. Meli nne za Uingereza ziliizuia pamoja na wenzake watatu karibu na pwani ya Ureno, risasi zikarushwa, na Mercedes ikalipuka. Watu takriban 250 walikufa. Diego de Alvear, ofisa wa jeshi la majini, alikuwa katika meli ya jirani pamoja na mwanawe mmoja. Kutoka hapo alishuhudia mlipuko uliomwua mkewe na watoto wake saba. Miezi miwili baadaye Uhispania ilitangaza vita.

Kampuni ya Kimarekani ya Odyssey Marine Exploration iliyatoa mabaki hayo baharini mwaka 2007 na kuyapeleka Florida. Uhispania ilikwenda mahakamani, ikidai kwamba meli ya kivita hubaki mali ya dola yake hata ikizama, na kwamba hilo ni kaburi. Kampuni ilijibu kwamba sehemu kubwa ya fedha ilikuwa ya wafanyabiashara binafsi. Mahakama za Marekani zilikubaliana na Uhispania. Peru ilijaribu dakika ya mwisho kusema kwamba fedha ilichimbwa na kupigwa katika ardhi yake, lakini haikufanikiwa. Leo sehemu ya sarafu hizo huonyeshwa katika jumba la makumbusho la akiolojia ya baharini mjini Cartagena, Uhispania.

Hoja hiyo ya Peru haijazikwa. Meli nyingine, San José, ilizamishwa na Waingereza mwaka 1708 karibu na Cartagena ya Colombia, na Colombia ilitangaza mwaka 2015 kwamba imeiona. Uhispania inasema ni yake. Colombia inasema ni yake. Taifa la asili la Qhara Qhara la Bolivia nalo limejitokeza kudai fungu, likisema kwamba fedha iliyomo ilitolewa mlimani na mababu zao kwa shuruti.

Mlima wenyewe bado unachimbwa. Wachimbaji wa Potosí, waliojiunga katika vyama vya ushirika, wanaingia kila asubuhi katika Cerro Rico wakitafuta bati, zinki na fedha kidogo iliyosalia. Kilele kimetobolewa kiasi kwamba kinatitia, na mwaka 2014 UNESCO iliuweka mji huo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Jengo kubwa la kiwanda cha sarafu, lililokamilika mwaka 1773, limesimama katikati ya mji na sasa ni makumbusho. Ndani yake zingali magurudumu makubwa ya mbao yaliyokuwa yakizungushwa na nyumbu ili kubana fedha kuwa ukanda mwembamba, tayari kukatwa.